Ahadi za mkesha hufia wapi?

Usiku wa kuamkia Januari mosi makanisa mengi hujaa hadi watu wakasimama nje. Saa sita ikifika, mikono huinuliwa, machozi hutoka na kila mmoja hunong'ona ahadi yake. Baba anaahidi kuachana na pombe. Mama anaahidi kutowatukana tena watoto. Kijana anaahidi kutobeti tena. Wanandoa walionuniana tangu Krismasi wanashikana mikono.

Ikifika wiki ya tatu ya Januari, wakati ada na sare za shule zinadaiwa na mshahara wa Desemba umeshakwisha, nyingi ya ahadi hizo zimekufa. Baba amerudi nyumbani akinuka pombe. Mama amepayuka hadi jirani amesikia. Kijana amechukua fedha za nauli, ameweka mkeka na mkeka umechanika.

Walioahidi hawakuwa wakidanganya, na hilo ndilo linaloumiza. Machozi ya mkesha yalikuwa ya kweli, nia ilikuwa safi, na bado imeshindikana. Wanaoishi na mtu huyo nyumba moja wanaanza kusema kwamba wokovu wake ni wa Jumapili. Naye anaanza kujiuliza kama kweli anamjua Mungu, au ni mnafiki kama wanavyomwita.

Swali hilo linatesa familia nyingi za Kikristo kuliko linavyosemwa hadharani. Kanisani watu hushuhudia ushindi, ni nadra kusikia mtu akishuhudia kwamba jana alianguka. Ndiyo maana kila aliyeanguka hudhani yuko peke yake, na mwaka unaofuata huahidi tena kwa sauti kubwa zaidi.

Sauti haina kosa. Nia njema nyingi hufa kwa sababu mwenye nayo aliiacha ipigane peke yake, huku akiuficha udhaifu ambao ndio uliohitaji kujulikana.

Hata mitume walikwama

Anayedhani kwamba Mkristo wa kweli hapambani na udhaifu anapaswa kusoma sura ya saba ya Waraka kwa Warumi. Humo Mtume Paulo anaeleza hali ya mtu anayelipenda jema kwa moyo wote, lakini anajikuta akilitenda lile baya analolichukia. Wachambuzi wa Biblia wamebishana kwa karne nyingi kama hapo anaeleza maisha ya kabla ya kumjua Kristo au ya baadaye. Wakati wao wakibishana, kila aliyewahi kuvunja ahadi yake amejitambua katika maneno hayo.

Kinachosahaulika ni namna sura hiyo inavyoishia. Baada ya kueleza kukwama kwake, Paulo haulizi afanye nini ili aweze. Anauliza ni nani atakayemtoa hapo. Anatafuta mtu wa kumshika mkono, kisha anamtaja kwa shukrani. Sura ya nane inafunguka kwa kutangaza kwamba walio ndani ya Kristo hawako tena chini ya hukumu. Mtu aliyeanguka huanzia hapo, akiwa amekwishapokelewa.

Petro naye anajulikana. Usiku ule wa mwisho aliapa mbele ya wenzake kwamba hata wote wakimkimbia Bwana, yeye hatamkimbia. Hakuna sababu ya kudhani alikuwa akijionesha. Injili ya Yohana inasema kwamba walipokuja kumkamata Yesu, Petro ndiye aliyechomoa upanga akamkata sikio mtumishi wa kuhani mkuu. Mwoga hafanyi hivyo mbele ya kundi lenye silaha.

Kabla ya hapo, bustanini Gethsemane, Petro aliombwa kitu kidogo tu, kukesha, akalala. Mathayo sura ya 26 inaonesha kwamba Yesu aliona yote mawili, utayari wa mioyo ya wanafunzi wake na uchovu wa miili yao, na akawashauri wakeshe na kuomba kwa sababu hiyo hiyo. Onyo lilitolewa mapema, na halikusikika.

Saa chache baadaye, aliyemwangusha Petro alikuwa kijakazi aliyemuuliza swali uani. Petro alikuwa amejiandaa kwa vita ya mapanga, akashindwa na swali dogo.

Ndivyo ilivyo majumbani. Mume anaomba nguvu ya kuishinda zinaa, lakini anaangushwa na meseji ya salamu iliyoingia saa tano usiku. Mama anaomba uvumilivu wa kubeba misiba mikubwa, lakini anaishiwa na subira kwa sababu ya kikombe kilichovunjika. Kijana anafunga siku tatu kuomba mafanikio, halafu tangazo moja la kubeti linamaliza fedha ya pango. Mtu hujiandaa kwa simba, akang'atwa na siafu.

Kijana aliyefumba macho

Kisa kingine kimo katika Maungamo, kitabu cha Mtakatifu Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 katika mji wa Tagaste, ambao leo uko Algeria. Humo Augustino anaeleza habari za rafiki yake aitwaye Alypius, aliyekwenda Roma kusomea sheria.

Alypius alichukia michezo ya uwanjani ambako watu walipigana hadi kuuana mbele ya watazamaji. Siku moja marafiki zake walikutana naye wakitoka kula, wakamvuta kwa utani hadi uwanjani. Aliwaambia kwamba wanaweza kuuburuta mwili wake na kuukalisha pale, lakini macho na moyo wake hawataupata. Alipoketi, akafumba macho.

Kisha mpiganaji mmoja akaanguka na uwanja mzima ukalipuka kwa kelele. Alypius alitaka kujua kulikoni. Akafumbua macho, akiamini kwamba vyovyote atakavyoona, atavidharau. Augustino anasema kwamba tangu dakika ile hakuweza kugeuza uso. Aliondoka uwanjani akiwa na kiu ya kurudi, na baadaye akawa yeye ndiye anayewavuta wengine.

Nia ya Alypius ilikuwa na nguvu, tena aliitangaza mbele ya watu. Kosa lake lilikuwa kukubali kuketi kwenye kiti kile huku akizitegemea kope zake. Augustino mwenyewe anaona kwamba rafiki yake alijiamini mno pale alipopaswa kumtegemea Mungu.

Wakristo wengi wanaanguka kwa njia hiyo hiyo. Yupo anayekwenda baa na marafiki zake wa zamani, akisema atakunywa soda tu. Yupo anayebaki na namba ya mchepuko, akisema ni ya kusalimiana tu. Yupo anayeacha programu ya kubeti kwenye simu, akisema ni ya kuangalia matokeo tu. Neno hilo dogo, "tu", limezika ahadi nyingi. Aliyeamua kweli kuacha kitu anahama kwenye kiti chenyewe, hangoji kupima nguvu ya kope zake.

Alypius hakuishia uwanjani. Alibatizwa pamoja na Augustino mjini Milano wakati wa Pasaka ya mwaka 387, na baadaye akawa askofu wa Tagaste, mji wa nyumbani kwao. Kuanguka kwake hakukuwa neno la mwisho, ila kulimfundisha kutojiamini kupita kiasi.

Siri ya binti wa nyumba nzuri

Katika kitabu hicho hicho kuna kisa kinachowahusu zaidi wazazi. Kinamhusu Monika, mama yake Augustino, anayekumbukwa leo kama mfano wa mama mwombaji.

Monika alikulia katika nyumba ya Wakristo, chini ya mlezi mzee aliyekuwa mkali sana. Mlezi huyo hakuwaruhusu mabinti kunywa hata maji nje ya saa za chakula, akiogopa kwamba wakizoea kunywa kila wanapojisikia, siku wakishika funguo za ghala watahamia kwenye divai. Hakuna nyumba iliyokuwa na sheria kali kuliko hiyo.

Hata hivyo binti alipokuwa akitumwa kuchota divai ya wazazi wake, alianza kuonja kwa ncha ya mdomo. Hakuwa na hamu ya pombe, ulikuwa utundu wa utoto. Kesho yake aliongeza kidogo, na keshokutwa kidogo tena, mpaka akawa anamaliza vikombe karibu vilivyojaa. Wazazi hawakujua, wala mlezi hakujua. Aliyejua ni mjakazi mmoja aliyekuwa akienda naye ghalani.

Siku moja wawili hao waligombana, na mjakazi akamtupia neno akimwita mlevi. Monika alichomwa na neno lile. Alijitazama, akaona ni kweli, akaacha siku ile ile.

Augustino anasema wazi kwamba mjakazi alikusudia kumuumiza bibi yake mdogo, hakukusudia kumponya. Mungu ndiye aliyeligeuza tusi likawa dawa. Kwa hiyo hakuna anayepaswa kujifunza hapa kwamba kumtukana mtu ni njia ya kumbadilisha. Wengi wakitukanwa hivyo huzidisha.

Somo liko kwingine. Ukali wa mlezi haukuiona tabia ikikua, kwa sababu tabia ilikulia mahali ambapo jicho lake halikufika. Kilichobadilisha mambo ni siri kutamkwa. Udhaifu ulipopata jina, ulipoteza nusu ya nguvu zake.

Wazazi wanaojenga nyumba ya amri nyingi bila mazungumzo wanapaswa kutafakari kisa hiki. Mtoto anayejua kwamba akikiri kosa atapigwa na kuaibishwa mbele ya wageni, atajifunza kuficha vizuri zaidi. Nyumba itaonekana na maadili, kumbe ghalani kuna kikombe.

Udhaifu unapotajwa

Wakristo wa Afrika Mashariki wana historia yao katika jambo hili. Mwaka 1929, Joe Church, daktari mmisionari kutoka Uingereza aliyekuwa akifanya kazi Gahini nchini Rwanda, alikutana na Mganda Simeoni Nsibambi huko Namirembe, Kampala. Wote wawili walikuwa Wakristo waliohisi kwamba imani yao imekauka. Walisoma Biblia na kuomba pamoja. Katika miaka ya 1930 uamsho ulienea kutoka Rwanda na Uganda hadi Burundi, Kenya na Tanganyika.

Watu wa uamsho huo walijulikana kwa wimbo wao wa Tukutendereza, lakini majirani waliwajua zaidi kwa tabia yao ya kuungama. Walikutana mara kwa mara katika vikundi na kuutaja udhaifu kwa jina lake. Aliyeiba alirudisha mali kwa mwenyewe. Aliyemkosea mkewe alimwomba msamaha. Waliita hali hiyo kutembea nuruni.

Uamsho ule ulikuwa na mapungufu. Wapo walioungama mbele ya umati mambo yaliyopaswa kusemwa faragha, na palitokea misuguano na viongozi wa makanisa. Hata hivyo waliuelewa ukweli mmoja ambao mkesha wa mwaka mpya peke yake hauwezi kuufundisha, kwamba mtu aliyeokoka anauhitaji msalaba leo kama alivyouhitaji siku ya kwanza. Kwao, aliyeanguka Jumatatu hakusubiri Desemba 31 kusema.

Leo nafasi za namna hiyo bado zipo. Wakatoliki wana kitubio na jumuiya ndogondogo. Walutheri, Waanglikana, Wamoraviani na Wapentekoste wana ibada za nyumba kwa nyumba na vikundi vya maombi. Tatizo ni kwamba mikutano mingi huishia kwenye michango, ratiba na matangazo ya harusi. Watu wanakaa pamoja kwa miaka kumi, kila mmoja anajua mwenzake anatoa kiasi gani cha ujenzi, na hakuna anayejua mwenzake anapigana na nini.

Jifya moja haliinjiki chungu. Si lazima jumuiya nzima ijue, wala haifai kila kitu kisemwe kwa kila mtu. Inatosha awepo mmoja au wawili waliokomaa, wa jinsia moja na mhusika, wenye uwezo wa kutunza siri, wanaoweza kupigiwa simu saa ngumu na kuuliza swali la moja kwa moja bila kuhukumu.

Hata nje ya kanisa ukweli huu umethibitika. Mwaka 1935, katika mji wa Akron nchini Marekani, walevi wawili walianza kusaidiana ili waache pombe, na kutoka kwao likakua kundi ambalo leo liko katika nchi nyingi. Hatua ya kwanza kwa anayejiunga si kuapa kwamba ana nguvu, bali ni kukiri kwamba pombe imemshinda.

Nia inahitaji siku na saa

Kukiri peke yake pia hakutoshi. Nia ikibaki hewani, huyeyuka.

Mwanasaikolojia wa Kijerumani, Peter Gollwitzer, amefanya utafiti mwingi kuhusu nia na utekelezaji. Katika utafiti wake mmoja na mwenzake, uliochapishwa mwaka 1997, wanafunzi walipewa kazi ya kuandika taarifa fupi ya namna walivyotumia mkesha wa Krismasi, na kuituma ndani ya saa 48. Wote walikubali. Baadhi yao waliombwa waandike pia ni saa ngapi na mahali gani wataifanya kazi hiyo.

Kati ya walioachwa na nia tu, karibu theluthi moja ndio walioituma kwa wakati. Kati ya waliotaja saa na mahali, waliotekeleza walikuwa zaidi ya theluthi mbili. Tofauti ilikuwa sentensi moja iliyoandikwa kwenye karatasi.

Watu wa maisha ya sala walilijua jambo hili zamani. Ignasi wa Loyola, katika Mazoezi ya Kiroho, kitabu kilichoidhinishwa na Papa mwaka 1548, anamshauri mtu achague kosa moja tu la kulishughulikia. Asubuhi aamue kujilinda nalo. Mchana na jioni ajikague, na kila alipoanguka aweke nukta kwenye mstari wa siku ile. Kisha alinganishe siku na siku, wiki na wiki. Hakumtaka ajichukie kwa wingi wa nukta, alimtaka aone kama zinapungua.

Mkristo anayeahidi kuwa mtu bora hana pa kuanzia. Anayesema, "Ijumaa saa kumi na moja nikitoka kazini nitapanda gari moja kwa moja hadi nyumbani, na rafiki akipiga simu nitamwambia mke wangu yuko ananisubiri," huyo ameipa nia yake miguu. Anayesema, "Mtoto akimwaga chai, nitatoka uani kwanza kabla ya kufungua mdomo," amejua vita yake inapiganwa wapi. Anayefuta programu ya kubeti na kumkabidhi mkewe fedha za ada siku ile ile mshahara unapoingia, huyo amehama kwenye kiti cha Alypius.

Mambo hayo si kukosa imani. Aombaye asiingizwe majaribuni, halafu akaifuata njia inayopita mlangoni pa majaribu, anaomba kwa mdomo na kukataa kwa miguu.

Wa nyumbani wafanyeje

Mzigo mzito zaidi huwa wa mke au mume anayeishi na ahadi zinazovunjika. Wengi huangukia katika moja ya makosa matatu.

Kosa la kwanza ni kuwa polisi. Mke anakagua mifuko, ananusa mdomo, anahesabu chenji. Mume anakuwa mjanja zaidi wa kuficha, na wote wawili wanabaki wakicheza paka na panya. La pili ni kuwa mfunika aibu. Mume analipa kimyakimya madeni ya mkewe ya vikoba na mikopo ya simu ili wazee wa kanisa wasijue, na tatizo linapata afya. La tatu ni kuyageuza Maandiko kuwa fimbo, kila kosa mstari wake, mpaka mwenzake anachoka kuisikia Biblia.

Njia bora ni mazungumzo katika siku nzuri. Siku mtu yuko sawa, ameshiba, watoto wamelala, ndipo aulizwe: ni saa ngapi huwa unashindwa? Ni nani huwa karibu? Nikiona dalili, unataka nikwambie nini? Majibu ya siku hiyo yana uzito kuliko ahadi za siku ya ugomvi, kwa sababu yanatoka kwa mtu asiyejitetea.

Wazazi nao wasiogope kuwaomba watoto msamaha. Baba anayesema, "Mwanangu, jana nilikupigia kelele na sikuwa na haki, nisamehe," hapotezi heshima. Anamfundisha mtoto namna Mkristo anavyofanya baada ya kuanguka, somo ambalo mtoto atalihitaji maisha yake yote.

Yapo hata hivyo mambo yasiyopaswa kuitwa udhaifu wa kawaida. Anayempiga mkewe na kisha kusema kwamba mwili ni dhaifu, anatumia neno la faraja kama ngao ya ukatili. Mke anayepigwa hapaswi kuambiwa arudi akavumilie na kuomba tu. Kusamehe hakumlazimishi mtu kubaki mahali ambapo maisha yake na ya watoto yako hatarini. Vituo vya polisi vina madawati ya jinsia na watoto, na wapo maofisa ustawi wa jamii. Mchungaji au paroko mwenye busara humsindikiza huko, hamfungii mlango.

Vivyo hivyo kwa mlevi wa miaka mingi. Mtu aliyezoea kunywa sana kila siku akiacha ghafla anaweza kutetemeka, kupata degedege au kuchanganyikiwa, na hali hiyo inaweza kuua. Huyo anahitaji hospitali pamoja na maombi. Kumpeleka kwa daktari ni sehemu ya kumpenda, na wala si dalili kwamba maombi yameshindwa.

Petro na Yuda

Katika usiku mmoja wa Alhamisi Kuu wanafunzi wawili walimkosea Bwana wao. Yuda alimuuza, Petro akamkana. Wote wawili walijuta. Mathayo anaandika kwamba Yuda alirudisha vile vipande thelathini vya fedha na kukiri kwamba ametenda dhambi. Aliwakiria wakuu wa makuhani, watu ambao hawakuwa na habari na roho yake, wakamjibu kwamba hayo ni juu yake mwenyewe. Akaondoka peke yake na aibu yake, na hakurudi tena.

Petro alilia kwa uchungu, lakini siku zilizofuata anaonekana akiwa pamoja na wenzake. Alibaki na watu waliojua alichoapa na alichokifanya. Ndiyo maana, kwa mujibu wa Yohana sura ya 21, Bwana alipokuja kwenye ufuko wa ziwa alimkuta hapo. Alikuwa amewasha moto wa makaa, ameandaa samaki na mkate. Aliwalisha kwanza. Kisha akamuuliza Petro mara tatu kama anampenda, na kila alipojibu, akamkabidhi kazi ya kuchunga kondoo. Hakudai kiapo kingine.

Hapo ndipo penye tofauti kwa familia nyingi. Siku inayofuata kuanguka ina uzito kuliko usiku wa kuahidi. Aliyevunja ahadi yake jana akijificha, akikwepa jumuiya, akiacha kusali kwa sababu anaona haya, anaelekea njia ya upweke. Akirudi leo na kusema, "Nimeanguka tena, nisaidieni," bado yuko njiani pamoja na wenzake, hata kama anachechemea.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mhunzi mwenye akili hakai chini kulilia koleo, wala hafichi vipande uvunguni. Huvipeleka motoni, mbele ya wenzake, na kazi ikaendelea.